Ghala la Nabii Yusuf na Michembe ya Bariadi

Kisa cha Nabii Yusuf a.s. kinajulikana kwa watu wa dini zote mbili kubwa za nchi yetu. Ndugu aliyelelewa katika Ukristo alikisoma katika kitabu cha Mwanzo, mlango wa 41. Na aliyelelewa katika Islam alikisikia katika Sura ya 12 ya Kurani Tukufu, inayoitwa kwa jina la Nabii huyo. Mfalme wa Misri aliota ng'ombe saba wanono wakiliwa na ng'ombe saba waliokonda, akaona na masuke mabichi saba na mengine makavu. Wakuu wa baraza lake wakashindwa kuieleza ndoto ile, na akaieleza mfungwa aliyekuwa amesahauliwa gerezani.

Wasomaji wengi hukomea hapo, wakistaajabia ndoto. Lakini tukiitazama vizuri aya ya 48 ya Sura hiyo, kwa hesabu inayoanzia Bismillahi, tutaona kwamba Yusuf a.s. hakutoa tafsiri peke yake. Alitoa mafunzo ya kilimo na ya ghala. Aliwaambia walime kwa bidii miaka saba mfululizo, na mavuno wayaache katika masuke yake, isipokuwa sehemu ndogo watakayoila. Na katika aya inayofuata akadokeza kuwa hata miaka ya dhiki isimalize kila kitu, bali kibaki kidogo kilichohifadhiwa, yaani mbegu ya kuanzia upya.

Basi tazama, msomaji mpendwa. Nabii wa Mwenyezi Mungu, mtu aliyepewa wahyi, anasema juu ya masuke! Hakuona kuwa ni jambo dogo lisilostahili kutajwa na mtu wa Mungu, wala hakusema kuwa hiyo ni kazi ya wanawake na watumwa wa jikoni. Na Mwenyezi Mungu ameliweka neno hilo katika Kitabu Chake lisomwe katika sala mpaka siku ya Kiyama. Mimi naamini kuwa jambo likiwekwa mahali kama pale, si halali kwetu kulipita upesi.

Nimelikumbuka neno hilo kwa sababu ya swali ambalo walimu wa dini huulizwa mara kwa mara katika sehemu za Usukuma, na hasa huko Bariadi. Ndugu aliyeingia Islam karibuni husikia hotuba juu ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, naye huuliza: je, mtu anayejaza kihenge chake haonyeshi kuwa hana imani? Na aliyetoka katika Ukristo huongeza yale aliyofundishwa katika Injili ya Mathayo, mlango wa 6, juu ya ndege wa angani wasiokuwa na ghala na Mungu huwalisha. Swali hili si la watu wavivu. Wako waume ambao, kwa sababu ya kulielewa vibaya, huuza mavuno yote mwezi wa sita na wa saba, kisha mke anapouliza watakula nini mwezi wa kwanza hujibiwa kuwa Mungu yupo. Mungu yupo kweli. Lakini jibu hilo limetajwa mahali pasipo pake, na watoto ndio wanaolipa deni lake.

Jibu la kwanza limo katika Maandiko yenyewe. Wana wa Israeli walipopewa mana jangwani, wale walioiweka mpaka asubuhi waliikuta imeingia mabuu na kunuka, kama inavyosimuliwa katika Kutoka mlango wa 16. Lakini siku ya sita waliamriwa kuokota maradufu na kuiweka kwa ajili ya Sabato, nayo haikuoza. Kwa hiyo kilichokatazwa hakikuwa kuweka akiba, bali kuweka kinyume cha amri. Na Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w., ambaye hakuna aliyemtegemea Mungu kumzidi, alikuwa akiwawekea watu wa nyumba yake chakula cha mwaka mzima. Hadithi hiyo imo katika Bukhari, na msimulizi wake ni Hadhrat Umar r.a. Yeye mwenyewe s.a.w. alitoa mfano wa ndege: hutoka asubuhi na njaa na kurudi jioni wameshiba. Lakini hutoka! Ndege aliyekaa kiotani akingoja hakutajwa katika mfano huo. Na Bedui aliyeuliza kama amwache ngamia wake bila kumfunga, kwa kumtegemea Mungu, aliambiwa amfunge kwanza, kisha amtegemee Mungu.

Tena Msukuma hana haja ya kufundishwa maana ya akiba kama kitu kigeni. Babu zake waliijua. Liko jambo linaloitwa ngitili: sehemu ya malisho huachwa bila kuchungwa wakati wa mvua, majani yakakua, ili ng'ombe wapate kula wakati wa kiangazi. Mpango wa Serikali wa kuhifadhi ardhi ulioanza mwaka 1986, uitwao HASHI, ulipotaka kurudisha miti katika Shinyanga, ambayo wakati huo Bariadi ilikuwa ndani yake, haukubuni jambo jipya bali uliihuisha ngitili. Basi itakuwaje mtu amwekee ng'ombe wake akiba ya majani, halafu aone haya ya imani kumwekea mtoto wake akiba ya viazi?

Bariadi, ambayo tangu mwaka 2012 ni makao makuu ya Mkoa mpya wa Simiyu, ni nchi ya pamba, mtama, mahindi, dengu na choroko, na viazi vitamu kila mahali. Mvua zake huanza kwenye Oktoba au Novemba na kumalizika kwenye Mei, na mara nyingi hukatika katikati. Baada ya hapo ni jua tupu. Neema ya Mwenyezi Mungu katika nchi kama hiyo haiji kidogo kidogo mwaka mzima. Humwagwa kwa pamoja. Mwezi wa tano na wa sita viazi huwa vingi hata havina bei, mboga za kunde zimejaa, na nyanya huoza sokoni. Kisha, Desemba mpaka Februari, wakati jembe linahitaji nguvu zaidi, vihenge huwa vitupu. Kwa hiyo anayevuna huko hupewa mtihani wa Misri kila mwaka: si miaka saba na saba, bali miezi kadhaa ya wanono na miezi kadhaa ya waliokonda.

Wanawake wa Usukuma waliujibu mtihani huo zamani sana. Kiazi kibichi hakikai. Hata kikifukiwa kwenye shimo la mchanga mkavu hukaa kwa muda tu. Basi wao hukichimba, hukiacha kinyauke siku moja mbili, hukimenya, hukikata vipande vyembamba na kuvianika juu ya majabali, ambayo Mwenyezi Mungu ameyatawanya katika nchi ile kana kwamba aliandaa meza. Hiyo ndiyo michembe. Wakikichemsha kwanza, kisha wakakimenya, kukikata na kukianika, huitwa matobolwa, ambayo hutafunwa hivyo hivyo na chai na ni matamu zaidi. Majani ya kunde na mboga nyingine huchemshwa kidogo na kukaushwa, na hiyo ni nsansa. Chakula hicho hukaa miezi mingi bila umeme, bila mtambo, na bila fedha ya mtu yeyote. Nimekula matunda yaliyokaushwa katika nchi za ng'ambo, yamefungwa kwa karatasi ya kung'aa na kuuzwa kwa bei kubwa, na wenyeji wakijivunia ufundi wao. Huku kwetu kijana akipata kazi mjini huona aibu kuitwa mla michembe. Aibu hiyo haina msingi katika dini wala katika akili.

Lakini kuheshimu desturi si kusema kuwa kila mtu huifanya sawasawa, na hapa nataka kukaa kidogo, maana ihsani, yaani kukifanya kitendo kwa uzuri wake kamili, ni wajibu hata katika kukausha kiazi.

Michembe itoke katika kiazi kizima kisicho na fukusi. Vipande viwe vyembamba na vya unene mmoja, ili visikauke vingine na vingine vikabaki na maji katikati. Jabali lisafishwe kwanza, na ikiwezekana kitandikwe kitu safi, au kijengwe kichanja cha miti kilichoinuka kutoka chini, ili mbuzi, kuku na vumbi visipafikie. Jioni vifunikwe au viingizwe ndani, kwa sababu umande hurudisha yale maji ambayo jua limeyatoa mchana kutwa. Kipande kilichokauka huvunjika kwa mlio; kikipinda bila kuvunjika bado hakijawa tayari. Wale wenye viazi lishe, vyenye nyama ya rangi ya chungwa, ambavyo vina vitamini A nyingi, wasiviache kwenye jua kali siku nyingi, kwani jua hilo hula vitamini hiyo. Hao wavianike palipo na kivuli chepesi na upepo mwingi, na hivyo hivyo kwa majani ya mboga. Rangi ikipauka kabisa, jua limekwisha kuchukua sehemu yake.

Kihenge kisimame juu ya mawe, na gunia lilale juu ya magogo, mbali na ukuta. Chakula cha zamani kisichanganywe na kipya, kwa maana wadudu wa mwaka jana huhamia mwaka huu. Na nasema kwa mkazo, kwa sababu hii ni nchi ya pamba na dawa zake zimo katika nyumba nyingi: dawa ya pamba isikaribie kamwe chakula cha akiba, hata kidogo, hata kama jirani anasema imemfaa. Kujiua na kuwaua watoto ni haramu, hata kama nia ilikuwa kumwua dumuzi.

Huyo dumuzi mwenyewe ana somo lake. Asili yake ni Amerika ya Kati, na katika nchi yetu alionekana kwanza Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970. Hula mahindi na makopa ya muhogo mpaka vikawa unga, na watu walimwita Scania kwa jina la lile lori kubwa. Sasa, yuko atakayesema: Nabii Yusuf aliagiza nafaka iachwe katika masuke, basi nami nitaweka mahindi yangu katika magunzi. Hapana. Masuke ya ngano ya Misri yalikuwa ngao ya punje. Lakini dumuzi hupenda zaidi hindi lililo gunzini, kwa sababu hupata mahali pa kujishikiza anapotoboa. Anayefuata roho ya agizo la Nabii atauliza ni ngao gani inayokinga punje hii dhidi ya adui huyu, na kwa mahindi ya siku zetu ngao hiyo ni kuyapukuchua, kuyakausha barabara na kuyafunga katika mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ambamo mdudu hukosa pumzi na kufa bila dawa yoyote. Mtama wa masuke, kwa upande wake, bado huwekwa vizuri kama ulivyo.

Ni nani atakayejua kama punje imekauka? Chukua chupa kavu, tia punje kiasi cha robo yake na vijiko vichache vya chumvi kavu, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikigandama kwenye ubavu wa chupa, nafaka ina maji bado, isipogandama, ifunge.

Msomaji asidhani kuwa nazidisha mambo. Mwaka 2004 huko Ukambani, Kenya, mahindi yaliyowekwa na unyevu yaliota ukungu wenye sumukuvu. Watu 317 wakaugua, na 125 kati yao wakafa. Na karibu zaidi nasi, katika Wilaya ya Tarime, Mkoa wa Mara, mwaka 1985 wakati wa ukame, watu waliokula karibu muhogo mchungu peke yake, tena usiotayarishwa vya kutosha, walipatwa na ugonjwa uitwao konzo, ambao hupooza miguu ghafula na hauponi. Muhogo huo unahitaji kulowekwa au kuvundikwa na kukaushwa kwa siku zake zote ili sumu itoke. Njaa huharakisha mikono ya mama, na haraka ile ndiyo inayoleta msiba. Anayeweka akiba nzuri mwezi wa saba hujipatia mwezi wa pili uwezo wa kutofanya haraka, na faida hiyo haihesabiwi na wafanyabiashara.

Juu ya chakula kibichi nitasema machache. Mboga ioshwe kabla ya kukatwa, si baada, ipikwe kwa maji kidogo na kwa dakika chache, sufuria ikiwa imefunikwa, na maji yake yaliwe badala ya kumwagwa. Magadi hulainisha, ni kweli, lakini huharibu vitamini. Kisamvu ni kinyume: kitwangwe sana na kichemshwe muda mrefu bila kifuniko, kwa sababu ile ile ya sumu ya muhogo. Karanga au mafuta kidogo katika mboga si anasa, kwani bila mafuta mwili hauipokei vizuri vitamini A iliyomo. Na nyanya na bilinganya zinazooza katika joto zina dawa iliyofanywa na Mwislamu mmoja wa Nigeria ya Kaskazini, Mohammed Bah Abba, mwalimu aliyezaliwa katika ukoo wa wafinyanzi: chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowa, na juu kitambaa kibichi. Maji yanapokauka huchukua joto la ndani. Alieleza kuwa bilinganya zilizokuwa zikiharibika kwa siku 3 zilidumu siku 27, na mwaka 2000 alipewa tuzo ya kimataifa. Chungu hicho hufanya kazi vizuri zaidi palipo na hewa kavu, na kiangazi cha Bariadi ni kikavu cha kutosha.

Sasa nakuja kwenye upande wa pili, ambao ni mgumu zaidi. Mtu akikwisha kujua kuhifadhi, Shetani humjia kwa mlango mwingine.

Kurani Tukufu, katika Sura ya 6, aya ya 142, inatuamuru kula matunda yanapozaa na kutoa haki yake siku ya kuvuna, na inakataza israfu. Angalia mpangilio wa amri hiyo. Haki hutolewa siku ya mavuno, yaani kabla kihenge hakijafungwa. Nafaka iliyonyeshewa na mvua hutolewa sehemu moja ya kumi, na iliyomwagiliwa kwa taabu hutolewa nusu ya hiyo, mavuno yanapofikia kipimo cha wasaki tano, ambacho wanachuoni wengi wamekihesabu kuwa zaidi ya kilo 600. Aliye chini ya kipimo hicho hadaiwi Zaka, lakini mlango wa sadaka haukufungwa kwake. Na katika Sura ya 68 tunasimuliwa wenye bustani walioapa kwenda kuvuna alfajiri, wakinong'onezana ili maskini asiwaone. Walipofika waliikuta imeteketea. Hawakuiba mali ya mtu. Bustani ilikuwa yao. Kosa lao lilikuwa ule mnong'ono.

Yuko pia anayenunua mtama na mahindi wakati wa mavuno, akayafungia mpaka njaa ikaze, ili auze kwa bei ya machozi. Mtume Mtukufu s.a.w. alimhesabu mtu huyo kuwa mkosaji. Biashara si dhambi, na kununua wakati wa wingi ili kuuza wakati wa uchache kunaweza hata kuwa msaada kwa watu; dhambi ni kukizuia chakula ambacho watu wanakihitaji sasa, kwa kungoja wazidi kuumia. Nami nitaongeza jambo moja lisilosemwa mara nyingi misikitini. Katika nyumba nyingi za Usukuma michembe ni kazi ya mke tangu kuchimba mpaka kuanika. Sura ya 4, aya ya 33, imesema wazi kuwa wanawake wana fungu katika wanachochuma. Mume anayebeba gunia la michembe ya mkewe mpaka mnadani bila ridhaa yake, akarudi na fedha iliyokwisha nusu njiani, asijione kuwa ni mwenye nyumba anayetumia mali yake.

Lakini mkosaji mkubwa si ndiye anayesoma gazeti hili, nadhani. Msomaji wetu ni mtu mwema mwenye vihenge viwili, na shida yake ni hii. Amepima chakula chake kifike mavuno mapya. Mwezi wa kwanza jirani amekuja na kikapu kitupu. Kama atatoa, hesabu haitatosha. Kama hatatoa, atalalaje? Je, Islam inasema nini hapo?

Yako mambo mawili kutoka Madina ambayo huniongoza. Mwaka mmoja, wakati wa Idi ya kuchinja, waliingia mjini maskini wengi kutoka majangwani kwa ajili ya njaa. Mtume s.a.w. akakataza mtu yeyote kuweka nyama zaidi ya siku tatu. Mwaka uliofuata masahaba wakauliza kama amri ile ingaliko, naye akawaruhusu kula, kutoa na kuweka akiba, akawaeleza kuwa makatazo yale yalikuwa kwa sababu ya dhiki ya wale watu. Hadithi hiyo imo katika vitabu sahihi. Maana yake ni kwamba uhalali wa akiba haupimwi kwa ukubwa wa kihenge, bali kwa hali ya aliye mlangoni. Nyama ile ile, katika mji ule ule, ilikuwa halali kuwekwa mwaka huu na si halali mwaka ule.

La pili ni desturi ya kabila la Ash'ari, ambao Mtume s.a.w. aliwasifu mno. Chakula kilipowapungukia, safarini au nyumbani, walikusanya vyote walivyokuwa navyo katika nguo moja, wakagawana sawasawa kwa chombo kimoja. Na katika mwaka wa 18 wa Hijra, Arabia ilipopatwa na njaa kali, Hadhrat Umar r.a. alisema kwamba kama Mungu asingeiondoa dhiki ile, angeingiza katika kila nyumba ya Waislamu maskini wa idadi sawa na wenyeji wake, kwa kuwa watu wawili hawafi kwa chakula cha kumtosha mmoja.

Kwa hiyo jibu langu kwa mwenye vihenge viwili ni kuwa ahesabu upya, na jirani awe ndani ya hesabu tangu mwezi wa sita. Anapokata viazi ajue kuwa anawakatia watu wa nyumba yake na wengine wawili watatu asiowajua bado. Gunia hilo la mgeni alianike pamoja na mengine, aliweke pamoja na mengine, wala asilifanye la vipande vilivyopinda na vyenye doa. Hapo jirani akija hatakuwa anaiharibu hesabu. Atakuwa amekuja kuchukua fungu lake. Na ikiwa dhiki imekuwa ya kijiji kizima, kama inavyotokea mvua zinapokatika miaka miwili mfululizo, hapo hesabu ya nyumba moja moja imekwisha nguvu, na waumini wa mahali hapo wafuate mwendo wa Ash'ari: viletwe vilivyopo, vipimwe kwa debe moja. Jambo hilo ni zito. Aliyefanya kazi kwenye jua miezi miwili ataona uchungu kumimina michembe yake katika lundo moja na ya mtu aliyekuwa akicheza bao. Uchungu huo ni wa haki, naye anaweza kumwambia mwenziwe ukweli wake mwezi wa sita unaofuata. Lakini mwezi wa pili mtoto wa mcheza bao hana kosa.

Je, hayo ni kwa Waislamu tu? Katika Bariadi jirani yako huenda ni Mkristo, au mzee anayefuata mila za mababu. Sahaba Abdullah bin Amr r.a. alipochinja mbuzi nyumbani kwake, aliuliza tena na tena kama jirani yao Myahudi amekwisha kupelekewa, akitaja jinsi Mtume s.a.w. alivyousiwa juu ya jirani mpaka akadhani atafanywa mrithi. Hakuuliza kama yule Myahudi anakaribia kusilimu.

Miaka hii mwezi wa Ramadhani unaangukia Februari na Machi, yaani ndani ya miezi ile ile ambayo shamba lina majani na kihenge kina upepo. Ndugu wapya huuliza watafuturu nini pasipo tende, na viazi vibichi havijakomaa. Michembe ni futari kamili. Ioshwe kwa maji mawili, ilowekwe tangu adhuhuri ili ipikike kwa kuni chache, ichemshwe mpaka ilainike, kisha itiwe karanga zilizotwangwa na kukorogwa kwa maji, na chumvi kidogo. Wenye ng'ombe watie maziwa badala ya karanga. Kunde zikichanganywa ndani yake hukishibisha chakula hicho mpaka daku. Mtume s.a.w. alimwagiza Abu Dharr r.a. kuwa akipika mchuzi aongeze maji, awakumbuke majirani. Na mchuzi wa karanga unakubali maji kuliko michuzi mingi ninayoijua. Bakuli la kwanza lipelekwe kabla ya adhana ya magharibi, likiwa bado moto, na apelekwe nalo mtoto, ili mpokeaji asione haya ya kuonana uso kwa uso na mtu mzima.